Jibu: Mama anataka mwili wake uchomwe, pesa tuziweke wapi?

Salaam ndugu. Kama nimekuelewa, mama yu hai, ameshasema akifa achomwe, na nyinyi watoto mmekwama: mlipe kampuni ya mazishi mapema au muweke akiba benki?

Kwanza angalia akaunti iko kwa jina la nani. Sisi tulimwekea baba akiba kwa jina lake peke yake. Alipofariki benki ikaifunga kusubiri mirathi, tukabaki kuzunguka na daftari la michango huku mochwari ikihesabu siku. Pesa ipo, haiguswi! Fungueni ya pamoja, na benki iwaandikie kabisa kwamba mmoja akifa, aliyebaki anatoa bila kupitia mahakamani.

Mkichagua kampuni, dai mchanganuo ulioandikwa: usafiri, kuhifadhi mwili, jeneza, tanuri, chombo cha majivu. Halafu uliza pesa zenu zinatunzwa wapi ikifilisika. Wakikwepa hilo swali, ondokeni. Bima ya mazishi nayo, soma kipindi cha kusubiri, yaani muda wa mwanzo ambao mtu akifa hawalipi, kabla ya kusaini.

Kwenye jeneza msiumize mfuko. Sisi tulionyeshwa la mbao ngumu lenye vishikio vya shaba vinavyong'aa. Kumbe vingeng'olewa kabla ya kuingia tanurini. La kawaida linaungua vilevile.

Na kama mama ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, kiandikeni kwenye fomu ya kuomba kuchoma mwili. Betri yake hulipuka kwenye joto lile, kwa hiyo lazima kitolewe kwanza, na mara nyingine kazi hiyo hulipiwa kando.