Kabla hujamnyang'anya simu: nani hasa anayekumbuka kazi zake?

Mleta mada, nimesoma kilio chako mara mbili. Kwa mnaoingia sasa hivi: dada ana kijana wa miaka 15. Waliandika naye malengo ya mwaka, wakayabandika ukutani juu ya kitanda, na wiki ya tatu yote yakafa. Kazi za shule na za nyumbani haziendi mpaka apigiwe kelele. Sasa anauliza amnyang'anye simu hadi ajirekebishe. Wengi hapo juu mmesema mnyang'anye. Mimi sikubaliani, na nitakuwa mrefu kidogo, mnivumilie.

Nina watoto wawili. Mkubwa, wa kiume, ana miaka 19 sasa. Mdogo wake wa kike ana 14. Mkubwa alipokuwa na umri wa huyo wako, nyumba yetu ilikuwa na king'ora, na king'ora chenyewe nilikuwa mimi. "Umepanga begi?" "Taka umetoa?" "Ile insha si ya kesho?" Siku moja mama yao akaniambia, hebu jihesabu. Nikachukua bahasha kuukuu na penseli, kila nikimkumbusha jambo napiga kistari. Tangu niliporudi kazini hadi alipoingia kulala, vistari 23. Tisa kati ya hivyo vilikuwa vya begi peke yake.

Nilikaa na ile bahasha muda. Kijana alikuwa akizifanya kazi zake, hata kama kwa kuvutwa. Alichokuwa hafanyi ni kukumbuka. Kukumbuka, kupanga, kuona kwamba muda unayoyoma, vyote vilikuwa kichwani mwangu. Yeye alikuwa kibarua, mimi msimamizi, halafu msimamizi ndiye anayelalamika kwamba kibarua hajui kusimamia.

Kwa hiyo swali langu kwako, dada, kabla ya simu: nyumbani kwako nani anakumbuka?

Kosa langu la kwanza baada ya hapo lilikuwa kuleta fomu. Kazini tulikuwa na ile ya malengo ya SMART, herufi tano, lengo liwe mahususi, lipimike, liwe na muda, mnaijua. Nikaichapisha, nikamkalisha mezani. Akaijaza kwa dakika kumi, mwandiko mzuri ajabu: "Kuongeza alama za hisabati", "Kuwa na nidhamu". Nikafurahi. Hakuigusa tena. Baadaye nilikuja kujua kwamba George Doran, aliyeuandika mfumo huo mwaka 1981, alikuwa akiwaandikia mameneja, na ile herufi ya tatu kwake ilimaanisha lengo liwe na mtu aliyekabidhiwa. Nikacheka peke yangu. Kwenye fomu yetu yale malengo yalikuwa na mwenyewe kweli, ila mwenyewe alikuwa mimi. Hisabati nilikuwa naitaka mimi. Yeye aliandika kile alichojua kitamwondoa mezani.

Safari ya pili sikuleta karatasi. Nilimuuliza tu: hivi wewe, kabla shule hazijafungwa, kuna kitu chochote unakitaka? Akanyamaza muda mrefu mpaka nikakaribia kuongea (nashukuru sikuongea). Kisha akasema anataka ile baiskeli mbovu iliyokaa stoo itembee.

Nakiri moyo ulinishuka. Baiskeli! Na mitihani je? Lakini nikasema sawa, tuanze na hiyo. Na hapa ndipo nilipojifunza mengi kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa hiyo nikae hapa kidogo.

Aliandika kwenye daftari: "Kutengeneza baiskeli." Nikamuuliza, kesho ukirudi shule, mkono wako utashika nini kwanza? Akanitazama kama nimechanganyikiwa. Halafu akafikiri. "Spana. Nitoe gurudumu la nyuma nione kama tyubu imetoboka au imeoza." Basi, nikamwambia, andika hilo. "Kutengeneza baiskeli" kijana hawezi kulifanya saa kumi na moja jioni akiwa amechoka. Kufungua gurudumu la nyuma anaweza. Swali hilo la mkono utashika nini ndilo limebaki nyumbani kwetu mpaka leo, na limenirudia mwenyewe: nilikuwa na bomba linalovuja nimeahidi kulitengeneza tangu miezi kadhaa, na siku moja mdogo wa kike akaniuliza, kwa uso mkavu kabisa, "Baba, kesho ukirudi mkono wako utashika nini kwanza?" Sikuwa na pa kujificha.

Jambo la pili ni muda. Alikadiria baiskeli jioni mbili. Ilichukua wiki tano. Cheni ilikuwa imeshikana kwa kutu, nati moja ya breki ikakatika, fedha za tyubu mpya ikabidi azidundulize. Sikumcheka, maana hata watu wazima tuko hivyo. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika juu ya kosa hili mwaka 1979, kwamba tunakadiria muda mfupi kuliko unaohitajika hata kwa kazi ambazo tumeshawahi kuchelewa nazo. Tulichofanya ni kuchora safu mbili kwenye daftari lake: "nilidhani" na "ilichukua". Baadaye bila mimi kusema akaanza kuandika humo na kazi za shule. Insha: nilidhani dakika 20, ilichukua saa 1 na dakika 35. Hiyo insha moja ilimfundisha kuliko hotuba zangu za miaka miwili kuhusu kuanza mapema. Hakuwa mvivu wa kuanza. Aliamini kwa dhati kwamba dakika 20 zinatosha, sasa aanze mapema ya nini?

La tatu ni neno "nitajitahidi". Nyumbani kwetu tulilipiga marufuku, mimi nikiwemo. Nitajitahidi haina saa wala mahali. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kwamba mtu anayelifunga kusudio lake kwenye tukio fulani, kwamba likitokea hili nitafanya lile, hulitimiza mara nyingi zaidi kuliko mwenye nia tupu. Sisi waswahili wala hatuhitaji kusomea, "ki" yetu inafanya kazi hiyo yenyewe: nikivua viatu, natoa madaftari kwenye begi na kuyaweka mezani. Nikimaliza kuoga, naangalia ratiba ya kesho. Vile vistari tisa vya begi viliisha kwa sentensi moja ya namna hiyo, lakini aliitunga yeye. Mimi nilikuwa nimependekeza apange begi akimaliza kula, akakataa, akasema akivua viatu ndipo anapokuwa hajakaa bado. Alikuwa sahihi.

Kuhusu majukumu ya nyumbani nitasema moja tu la maana: mpe kazi nzima. "Toa taka" ni amri. Kazi ya taka ni pamoja na kuona kwamba pipa limejaa, kujua siku ya kuzolewa, kulitoa, kurudisha pipa na kuweka mfuko mpya. Mkubaliane mapema kazi iliyokamilika inafananaje, halafu unyamaze. Kunyamaza ndiko kugumu. Wiki ya kwanza alisahau, pipa likajaa, likaanza kunuka. Mimi na mama yao tukawa tunatazamana tu. Siku ya tatu akaingia jikoni, akasimama, akasema "Hii harufu ni nini?" Kisha akajijibu mwenyewe. Hakuhitaji mtu wa kumwambia.

Ila kunyamaza nako nilikuzidisha. Kulikuwa na kazi ya sayansi yenye tarehe ya mwisho. Nilijua amesahau, nikasema acha ajifunze. Alama zake zilikatwa vibaya. Hilo lingeweza kuwa somo, lakini nikaliharibu mwenyewe kwa maneno mawili: "Si nilijua?" Akaniuliza, "Ulijua, ukanyamaza?" Wiki mbili hatukuongea vizuri. Siku hizi kipimo changu ni hiki: kama hasara inarekebishika ndani ya wiki, naiacha itokee. Kama ni dawa, usalama, au tarehe ya kujiandikisha inayofunga mlango wa mwaka mzima, namwambia mapema, mara moja, waziwazi. Na kitu kikishaanguka, swali ni "Sasa unafanyaje?", kwa sauti ya kawaida. Ukishindwa sauti ya kawaida, toka nje kwanza, kisha urudi.

Sasa simu. Mimi niliwahi kumnyang'anya kwa wiki mbili. Wiki zote hizo mbili mazungumzo yetu yalikuwa simu. Simu itarudi lini, kwa nini mwenzangu anayo, umesema Ijumaa. Kazi za shule hazikutajwa hata mara moja. Tena ratiba na vikumbusho vyake vilikuwa humo humo, kwa hiyo nikalazimika kurudi kuwa king'ora. Kilichosaidia ni kitu kidogo zaidi: usiku simu zote zinachajiwa sebuleni. Zote, yangu pia. Hapo ndipo nilipoona tatizo jingine lililokuwa limejificha, usingizi. Mwili wa kijana unapobalehe, saa yake ya ndani husogea mbele, usingizi unamjia umechelewa kuliko alipokuwa mtoto. Na bado anahitaji saa 8 hadi 10. Ndicho kiwango kinachopendekezwa na wataalamu wa usingizi kwa umri wa miaka 13 hadi 18. Kijana wangu alikuwa akipata sita. Nusu ya nilichokiita ukaidi asubuhi kilikuwa ni usingizi tu. Ile sehemu ya mbele ya ubongo inayopanga na kujizuia nayo inaendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, kwa hiyo tunamdai kitu ambacho bado kinajengwa, tena tunamdai akiwa na usingizi.

Mchangiaji mmoja hapo juu ameshauri kumlipa kwa kila kazi. Nilijaribu. Ilifanya kazi vizuri hadi siku nilipomwomba anishikie ngazi akauliza, "Leo ni kiasi gani?" Kuna jaribio la mwaka 1973 la Lepper na wenzake: watoto waliopenda kuchora wakaahidiwa zawadi kwa kuchora, na baadaye walipoachwa huru walichora kidogo kuliko wale ambao hawakuahidiwa kitu. Posho ya kujifunza kutunza fedha, mpe. Bei ya kushika ngazi usiweke.

Kilichobaki nyumbani ni kikao cha dakika 15 kila wiki. Yeye ndiye anayeanza kuongea na penseli iko mkononi mwake. Anasema kilichokwenda, kilichokwama, na wiki ijayo mkono utashika nini. Mimi nami nasema changu, pamoja na bomba. Kuna wiki kikao kinakufa, tunakifufua ijayo. Hisabati? Ilipanda, taratibu, mwaka uliofuata, siku alipoona mwenyewe kwamba anaihitaji kwa kile alichotaka kusomea. Sidai kwamba ni baiskeli iliyofanya hivyo, lakini zile safu mbili alikuwa nazo tayari.

Na usidhani dawa moja inatibu wote. Huyu wa kike hataki daftari kabisa. Anajirekodi sauti kwenye simu, "wewe, kesho usisahau...", halafu anajisikiliza asubuhi akipiga mswaki. Mwanzoni niliona ni mchezo. Anasahau vitu vichache kuliko mimi.

Jingine ulilosema, kwamba wiki tatu zimepita hivyo ameshindwa: ile hesabu ya mitaani kwamba tabia hujengeka kwa siku 21 isikutishe. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake, uliotolewa takriban mwaka 2009, ulifuatilia watu 96 wakijenga tabia mpya. Kwa wastani ilichukua siku 66, na tofauti kati ya mtu na mtu ilitoka siku 18 hadi 254. Kuruka siku moja hakukuharibu kitu. Huyo wako hajashindwa, hajafika hata theluthi moja ya njia.

Tahadhari moja. Kama ameacha hata vile alivyovipenda, halali au analala kutwa, hataki marafiki, basi hilo si suala la malengo wala ratiba. Zungumza naye, na umtafutie mtaalamu. Vilevile kama tangu utotoni hajaweza kutulia na jambo lolote hata akitaka.

Kwa wiki hii, dada, ningefanya mawili tu. Siku moja chukua bahasha na penseli ujihesabu, usimwambie. Halafu yale malengo ya ukutani usiyabandue wewe. Kaa naye kitandani, muulize ni lipi kati ya hayo lilikuwa lake kweli, na umpe yeye akate mengine kwa kalamu. Akiyakata yote, muulize anataka nini, kisha subiri. Itakuwa kimya kirefu. Ukirudi hapa, tuambie alisema nini.