Jibu: Mji mdogo hufilisikaje ilhali kodi inakusanywa?

Ndugu, umeuliza inawezekanaje mji mdogo ufilisike ilhali kodi hukusanywa kila mwaka. Tazama Yubari, kisiwani Hokkaido nchini Japani. Mwaka 1960 ulikuwa na wakazi wapatao 117,000 waliotegemea makaa ya mawe. Mgodi wa mwisho ulipofungwa mwaka 1990, manispaa ilikuwa imekwisha kukopa ili kujenga bustani ya burudani, jumba la makumbusho na vivutio vingine ambavyo mapato yake hayakutosha kulipa gharama. Hata hivyo, kwa maoni yangu, kilichouzamisha zaidi ni uhasibu: kwa kuwa vitabu vya mwaka wa fedha unaoisha Machi hubaki wazi hadi mwisho wa Mei, fedha za mwaka mpya zilikopeshwa kuziba pengo la mwaka uliopita, na hesabu zikaonekana safi (mchezo wenyewe ulikuwa hapo). Siri ilifichuka mwaka 2006, deni likiwa takriban yeni bilioni 35. Wakazi waliosalia, kama 13,000 hivi, walipandishiwa kodi na ada, shule zote za msingi zikaunganishwa kuwa moja, na watumishi wengi wa manispaa, waliokatwa mishahara, wakaacha kazi.