Milango imepotea kwenye mchoro wa Archicad

Pole, mdogo wangu. Unasema ulimtumia mwenzako wa Lindi mchoro wa nyumba uliouchora kwa Archicad, programu ya kuchorea majengo, kutoka hapo Mtwara, akaufungua akakuta vitone tu mahali pa milango na madirisha. Faili halijaharibika. Ulituma PLN, faili la kawaida la Archicad, ambalo kwa kawaida halibebi maktaba ya vifaa, yaani mkusanyo wa milango, madirisha na vitu vingine vilivyochorwa tayari. Linakumbuka tu maktaba hiyo ilipo kwenye kompyuta yako. Hifadhi upya kama PLA, faili la Archicad la kufungasha mchoro na vifaa vyake pamoja, ukichagua vifaa viingizwe ndani. Litakuwa zito, basi usimalize bando: tia kwenye flashi, mpe kondakta wa basi la Lindi.

Kinachoniuma zaidi ni jina ulilolipa faili, “nyumba mwisho kabisa 2”. Niliwahi kumpa fundi mchoro wa zamani wenye jina la namna hiyo, akachimba msingi wa choo upande usio wake. Tulifukia, mwenye nyumba akalipa vibarua mara mbili, nami nikashindwa kumtazama usoni. Sasa jina la faili nalianza na tarehe: 2025-03-14_Mikindani_msingi. Faili la zamani nalihamishia folda yake, silifuti.

Fundi mpe PDF tu, yenye tarehe ileile pembeni mwa karatasi.