Nimebadilisha mazao, mbona mnyauko haujaisha?

Swali: Nina shamba dogo la mbogamboga. Msimu wa kwanza nilipanda nyanya, msimu uliofuata viazi mviringo, na sasa kuna biringanya. Kila mara mimea hunyauka ghafla ikiwa bado na majani ya kijani, ingawa ninafuata ushauri wa kubadilisha mazao. Ninakosea wapi, na nitatambuaje mazao yaliyo ya familia moja?

Jibu: Ndugu msomaji, umebadilisha mazao lakini hujabadilisha familia. Nyanya, viazi mviringo, biringanya, pilipili, nyanya chungu, mnavu na tumbaku vyote ni vya familia ya Solanaceae, na vimelea vingi vya udongoni hushambulia mimea kwa kufuata undugu huo. Kwa misimu yote mitatu, vimelea vilivyomo shambani mwako havijawahi kukosa chakula.

Kwa dalili ulizoeleza, ninashuku mnyauko bakteria, unaosababishwa na Ralstonia solanacearum. Thibitisha kwanza kabla ya kununua dawa yoyote. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kisha kining'inize ndani ya glasi yenye maji safi, bila kukitikisa. Ikiwa ni bakteria, baada ya dakika chache utaona nyuzi nyembamba za ute mweupe zikiteremka kutoka kwenye mkato. Maji yakibaki maangavu, huenda chanzo ni kuvu au jambo jingine. Mmea uliokwisha kushambuliwa na bakteria hawa hauponi kwa kunyunyiziwa dawa. Ung'oe pamoja na mizizi yake na uutoe shambani.

Kuhusu kutambua familia, ninakushauri uzoee kutazama ua, kwa sababu jani na tunda hupotosha mara nyingi. Ua la nyanya na la kiazi mviringo yana petali tano zilizoungana kwenye kitako, na stameni (viungo vya kiume vya ua) tano ambazo vichwa vyake vya njano vimekusanyika katikati na kuchongoka. Ukiyaweka pamoja kiganjani, undugu wake hauna ubishi. Ua la kiazi kitamu, kwa upande mwingine, lina umbo la faneli, kwa kuwa zao hilo ni la familia ya Convolvulaceae. Kabichi na jamaa zake, yaani Brassicaceae, zina petali nne zilizopangika kwa umbo la msalaba na stameni sita, nne ndefu na mbili fupi. Hapa wakulima wengi hujidanganya, kwani kabichi, sukuma wiki, koliflawa na brokoli ni spishi moja tu, Brassica oleracea, na kupokezanisha mazao hayo hakuvunji mzunguko wa ugonjwa wowote.

Jamii ya mikunde, Fabaceae, ina petali moja kubwa iliyosimama nyuma, mbili za pembeni, na mbili za chini zilizoungana kufunika stameni. Faida yake kubwa iko mizizini, ambako bakteria rafiki hutengeneza vinundu na kunasa naitrojeni ya hewani. Pasua kinundu kwa ukucha: kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, kinafanya kazi. Hata hivyo, usiharakishe kupanda karanga kwenye shamba lako la sasa, kwa sababu nazo zinaweza kupata mnyauko bakteria japokuwa ni za mikunde.

Kwa hali yako ningechagua nafaka, yaani familia ya Poaceae, kama vile mahindi au mtama, kwa misimu miwili au mitatu mfululizo. Kazi hiyo itapotea bure iwapo utaacha mnavu na viazi vilivyojiotea katikati ya mahindi, maana bakteria wataendelea kuishi humo. Ng'oa vyote mapema, na osha jembe kabla ya kulihamishia sehemu nyingine. Unapong'oa, chunguza mizizi pia. Ukikuta imevimba mafundo yasiyobanduka, hao ni minyoo fundo, ambao hushambulia mazao ya familia nyingi tofauti. Kwa hao, kubadilisha familia peke yake hakutoshi, na utahitaji pia mbegu zenye ukinzani.