Lesotho inauza maji nje, mbona wanakijiji wake bado wanateka kwa ndoo?

SWALI: Shikamoo mzee. Mi natokea Lushoto ila nafanya kazi Dar. Juzi nimeona video ya bwawa la Katse kule Lesotho, maji yamejaa mpaka raha, halafu anahojiwa mama mmoja kijiji cha juu ya hilo bwawa anasema anateka chemchemi na kubeba kichwani, umeme ndo hajawahi kuuona kabisa. Sasa nchi inauza maji nje na wenyewe hawana? Serikali yao imelala au kuna kitu sielewi?
Mshambaa wa Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Usingizi upo, ila kabla hujamlaumu mtu anza na mlima wenyewe. We wa Lushoto unajua, nyumba ziko mgongoni, maji yako bondeni. Lesotho ndo zaidi, hata sehemu yake ya chini kabisa inakaribia mita 1,400 juu ya bahari. Bwawa la Katse limejengwa kwenye korongo la mto Malibamatso, ukuta wake una kimo cha mita 185, maji yanajaa huko chini na kijiji kiko juu kinayaangalia. Kuyapandisha unataka pampu, pampu inataka umeme, umeme unataka nguzo na waya kuvuka mabonde kwenda kwa nyumba chache zilizotawanyika ambazo zikishaunganishwa zitanunua umeme wa taa mbili na kuchaji simu basi. Shirika la umeme likipiga hesabu hapo linaona hasara tupu.

Sasa angalia ya Afrika Kusini, ndo mnunuzi wa hayo maji. Huko maji hayapandishwi, yanaingia kwenye handaki chini ya milima yanateremka yenyewe mpaka kituo cha umeme cha Muela, yanazungusha mitambo ya megawati 72, halafu handaki lingine linayavusha mpaka upande wa pili yanafuata mito mpaka bwawa la Vaal, Johannesburg na miji ya jirani wanafungua bomba. Mteja wa mbali kapata mteremko na hela anayo. Yule mama wa kwenye video hana vyote viwili.

Na makubaliano yenyewe utaona yalifanywa na nani. Mkataba wa kuuza maji ulisainiwa Oktoba 1986, Lesotho iko chini ya wanajeshi waliochukua nchi Januari mwaka huo huo, upande wa pili Makaburu, kwa hiyo usitegemee mwanakijiji aliulizwa anataka nini. Mashamba na malisho ya bondeni, ambayo milimani ndo ardhi nzuri yenyewe, yakamezwa, watu wakahamishwa na malalamiko ya fidia hayajaisha mpaka leo. Maji yalianza kwenda 1998 na mrabaha unaingia serikalini kila mwezi, hela ya maana kwa nchi ndogo vile, ila ikishaingia kwenye bajeti kuu nani anaifuatilia ilikoishia? Halafu kuna ya 2002, mkurugenzi mkuu wa zamani wa mamlaka ya mradi, Masupha Sole, alihukumiwa kifungo kwa kupokea rushwa, na kampuni ya Acres ya Kanada ikatiwa hatiani pia. Hapo nawapa maksi, maana kampuni kubwa ya nje kubanwa na mahakama ya nchi maskini si kitu unakiona kila siku.

SWALI: Mhariri salama? Hizi stori za milimani hawana umeme mnazirefusha bure. Si wafunge sola tu yaishe, jua lenyewe la bure.
Fundi sola, Morogoro

JIBU: Salama ndugu yangu, najua unatetea biashara. Kwa taa, simu na redio uko sahihi kabisa. Ila we uko Morogoro, baridi huijui. Lesotho Juni mpaka Agosti theluji inaanguka, na shida kubwa ya nyumba inakuwa joto, na joto la kupika na kuota moto halitoki kwenye paneli moja ya juu ya bati. Miti hamna, milima ni nyasi tu, kwa hiyo watu wanachoma vichaka na mavi ya ng'ombe. Yale yaliyoshindiliwa zizini wanayakata vipande yanakauka wanayaita lisu, ya kuokota malishoni ni khapane. Moshi wake chumbani usiseme, na kila kipande kinachoungua ni mbolea ambayo haijaenda shambani, wakati udongo wenyewe umeshakatwa makorongo kila mahali.

Na usidhani ukiwa na mabwawa makubwa umepona. Tajikistan, nchi ya milima huko Asia ya Kati, karibu umeme wote unatoka kwenye maji, bwawa la Nurek lina ukuta wa mita 300, lakini mito yao inalishwa na theluji na barafu inayoyeyuka, miezi ya joto maji ya kumwaga, baridi ikija juu huko kumeganda, mto unapungua wakati huo huo kila mtu anataka hita. Kwa miaka mingi vijijini ilikuwa mgao wa saa chache asubuhi na jioni, na huku kiwanda cha aluminiamu cha Tursunzoda kilikuwa kinakula sehemu kubwa ya umeme wa nchi. Baridi ya 2007/2008 ilikuwa balaa, umeme ukikatika pampu zinasimama, bomba nazo zinakauka au kuganda, familia nzima inajibana chumba kimoja chenye jiko.

Kazi yako fundi ninayoiona iko kwenye pampu. Sola ikisukuma maji mchana kwenda tanki la mlimani huhitaji hata betri, jioni maji yanashuka yenyewe kwenye bomba. Ila kama kuna chemchemi juu ya kijiji anza na hiyo, ijengee vizuri, zungushia uzio ng'ombe wasikanyage, utandaze bomba. Hapo huuzi paneli hata moja, samahani.

SWALI: Kwani hakuna milimani popote walipofanikiwa?
Dada wa Makete

JIBU: Wapo dada. Huko huko Tajikistan, upande wa milima ya Pamir, umeme ulikuwa umeoza kabisa baada ya vita vya miaka ya 90. Mwaka 2002 wakaikabidhi kampuni ya Pamir Energy, chini ya taasisi ya Aga Khan, mitambo midogo midogo ya maji ikakarabatiwa, na siku hizi wanauza mpaka vijiji vya Afghanistan ng'ambo ya mto Panj. Mitambo watu wanaisifu sana, ila mi naona lililobeba ni ruzuku, Uswisi ilitia hela ili kaya maskini zilipie kiasi cha mwanzo cha umeme kwa bei ya chini miezi ya baridi. Bila hivyo waya ungefika mlangoni na mtu akaendelea kuchoma mavi.