Kwenye bao la Kiswahili, kete ya mwisho ikiangukia nyumba (shimo maalumu la kila mchezaji): unasimama au unasafiri?

Inategemea zamu umeianza kwa kula (kuchukua kete za mpinzani) au kwa kutakata (kucheza bila kula). Mkiwa bado mnanamua (mnaingiza kete za mkononi moja moja kila zamu) na umekula, kete ya mwisho ikiingia nyumba yako ambayo haijavunjwa (ina kete 6 au zaidi), na shimo la mpinzani mkabala nayo ni tupu, hiari ni yako: simama, au chota zote usafiri, yaani uendelee kuzisambaza. Mkabala pakiwa na kete hakuna hiari, unakula. Ukiwa unatakata, zamu inaishia hapo hapo. Safari hairuhusiwi, na hapa ndipo ugomvi wa barazani unapoanzia.

Ila ukishasafiri, nyumba imekufa. Hata ijae tena kete 10 ni shimo la kawaida tu. Kwa hiyo hesabu kwanza kete ya mwisho itatua wapi, hasa kama mkononi bado umebaki na nyingi kati ya zile 22 za kuanzia.

Haya ni ya bao la Kiswahili. Bao la kujifunza, la kete 2 kila shimo, halina kunamua, basi kubalianeni kabla ya kupanga.