Jibu: Mtoto wa miaka mitano aanzeje tenisi hapa Kampala?

Dada, umeuliza kama umpeleke kijana wako wa miaka mitano kwa kocha au umngoje akue, maana kila akishika raketi ya baba yake anaukosa mpira na kulia. Usingoje. Ila hiyo raketi mrudishie mwenyewe, na mipira ya manjano, ile ya kawaida ya wakubwa, iweke kando.

Kinachomliza ni mdundo. Mpira wa kawaida ukiangushwa kwenye saruji kutoka sentimita 254 hurudi juu zaidi ya 130, yaani unampita mtoto wa umri huo kichwani. Mpira mwekundu wa watoto hudunda kama mita moja na huenda taratibu, kwa hiyo anapata muda wa kuuona. Tangu 2012 Shirikisho la Kimataifa la Tenisi haliruhusu mpira wa kawaida kwenye mashindano ya watoto wa miaka 10 kushuka chini. Baada ya mwekundu huja wa rangi ya chungwa, kisha wa kijani. Sisi wa Kampala tuna sababu zaidi: tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, mpira hupaa kuliko Mombasa.

Raketi ya inchi 19 au 21 inamtosha. Asimame wima, mkono uning'inie: raketi isiburuze chini.

Sisi tulianzia uani, kamba ikifungwa kwenye viti viwili vya plastiki. Wiki za mwanzo hakuna raketi, ni kurusha na kudaka tu. Binti yangu alikuwa anasimama kama amegandishwa, ananyoosha mkono mpira upite. Nikampa kindoo cha kuchezea, adakie mpira ndani ukishadunda mara moja. Kindoo hakifiki mbali, ikabidi miguu ifuate. Alipopewa raketi baadaye, miguu ilikuwa tayari inajua njia. Mkichoka, pigeni puto.

Dakika 30 zinatosha, asubuhi kabla jua halijawa kali. Akisema basi, basi kweli, hata kama umeshalipa.

Ukienda viwanja vya tenisi vya Lugogo hapa mjini au klabu yoyote, muulize kocha mipira gani anatumia kwa wadogo. Kisha kaa pembeni utazame kipindi kimoja. Watoto kumi kwenye foleni, kila mmoja akipiga mara moja na kurudi nyuma, hapo hujapata mwalimu, endelea kutafuta.